Mkuki wa Kirumi Katika Chumba cha Mazoezi

Wenzangu wa chumba cha mazoezi,

Siku mliyoniaga mlinipa keki, kitenge na saa ya ukutani. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa kumpa mstaafu saa ni kama kumtania. Hotuba zilipokwisha, Neema, aliye mdogo kuliko nyote, aliniuliza ni kifaa gani kilinisaidia zaidi katika miaka yangu ya kunyoosha watu viungo. Nilicheka tu, kwa kuwa soda ilikuwa mdomoni na jibu lilikuwa refu. Sasa ninao muda. Nitalianza mbali, msije mkadhani nilizaliwa nimevaa koti jeupe. Habari za vyeo na mishahara nitazipita. Hazikuwahi kumnyanyulia mgonjwa mkono.

Mimi ni mtoto wa Namanyere. Nilisomea fiziotherapia mbali na nyumbani, kisha nikapangiwa Sumbawanga, nikaripoti mwezi wa Julai. Anayeijua Sumbawanga ya Julai haambiwi: jua lipo lakini halina kazi, upepo unapita kati ya sweta na ngozi, na maji ya bombani yanauma meno. Kichwani nilikuwa na majina ya misuli yote ya mwili, na nilitamani mtu aniulize hata mmoja. Hakuna aliyeniuliza. Mkuu wa chumba wakati huo alikuwa Bwana Kalisti, mtu mfupi mwenye sauti nzito ya kwaya. Aliniona nikimwendea bibi mmoja aliyevunjika nyonga, akaninyooshea kidole.

"Binti, umeota moto?"

"Hapana, Bwana Kalisti."

"Basi usimguse. Mikono ya baridi ni matusi."

Nje ya mlango palikuwa na jiko la mkaa. Tulichuchumaa pale wote wawili, tukaota moto kimya kimya, na yule bibi akatungoja kwa adabu kama anayengoja watu wanaosali. Ndipo nikaruhusiwa kumshika mguu. Hilo ndilo somo langu la kwanza kazini, na katika vitabu vyangu vyote halikuwemo.

La pili nalo lilikuwa lake. Alikuwa akisema mgonjwa haambiwi "nyanyua mkono" hivi hivi. Mkono haunyanyuki bure, lazima uwe na kitu unachokifuata. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa kusikika. Kisha akaletwa mama mmoja wa Kirando, mwanika dagaa, ambaye bega lake lilikuwa limekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilimpa mazoezi kama nilivyofundishwa, akayafanya kwa uso wa mtu anayekunywa dawa chungu, bega likabaki pale pale. Kalisti alikuja, akatandika shuka la hospitali mezani, akalimwagia vipande vya karatasi, akamwambia, "Mama, dagaa hao, na jua linapanda." Yule mama akacheka, akaanza kuwatawanya. Alifika mpaka pembe ya mbali ya meza kabla hajakumbuka kwamba hafiki.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine mmevirithi. Ile puli ya kuvutia mkono ilikuwa ringi ya baiskeli. Mifuko ya mchanga tuliishona wenyewe kwa viroba. Fito za kujifunzia kutembea alizichonga seremala wa mjini, naye alikataa kuzipaka rangi kwa sababu, alisema, mti mzuri hauvishwi nguo. Tuliwahi pia kuletewa mashine kutoka ng'ambo, kubwa, yenye taa nyingi, na plagi ambayo hapa kwetu haikuingia popote. Ilitusaidia sana. Tuliweka birika la chai juu yake kwa miaka mingi.

Halafu palikuwa na sinia la maharage na mahindi. Mgonjwa aliyepigwa na kiharusi alipewa sinia, achambue maharage upande mmoja na mahindi upande wa pili, vidole vipate kukumbuka kazi. Ni zoezi zuri na bado nalisifu. Ila lilimshinda Mzee Leonsi, na hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Mzee Leonsi alikuwa mhunzi, kwenye kijiji kimoja cha upande ule ambako uwanda wa Ufipa unaanza kuteremkia Ziwa Rukwa. Alifua majembe, shoka na visu, na msimu wa kulima ulipokaribia watu walimletea plau zao kutoka vijiji vya jirani. Ukoo wao wote ulikuwa wa chuma. Mababu zake ndio waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika zile tanuri ndefu za udongo, malungu, ambazo magofu yake bado yamesimama porini. Kiharusi kilimkuta karakanani, koleo mkononi. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua maneno. Mguu ulikuwa unarudi polepole, lakini mkono ulilala mapajani mwake kama wa mtu mwingine. Akili yake ilikuwa nzima. Alielewa kila tulichosema, ila alipotaka kujibu, neno lilifika mlangoni likakwama.

Alikuja na mkewe, Mama Gaude. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mabega mapana. Nilimuuliza anafanya kazi gani nzito, akasema, "Sista, mimi ndiye ninayevuta mivukuto. Yeye anapiga, mimi napuliza. Tangu aliponioa."

Nilimwekea Mzee Leonsi lile sinia. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akalisukuma kwa mkono wa kushoto. Maharage yakaruka mpaka chini ya vitanda. Midomo yake ikahangaika muda mrefu, mwishowe likatoka neno moja.

"Kuku."

Nilidhani ana njaa. Nikamwambia mkewe kwamba mgonjwa anataka nyama ya kuku, na ni dalili nzuri. Mama Gaude akatikisa kichwa.

"Hapana, Sista. Anasema yeye siyo kuku."

Siku zilizofuata alizidi kujifungia ndani yake. Uji alikunywa kwa kubembelezwa. Nilipomnyoosha vidole, aliniachia mkono kama mtu anayemwachia mwingine mzigo wake stendi, asijali utafika au hautafika. Nilijaribu mpira, taulo, kioo. Nilimkumbuka Bwana Kalisti, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na analima ulezi kwake, nikajiuliza angemwekea nini mbele. Nyundo? Nilimletea nyundo ndogo ya fundi wetu wa hospitali. Aliitazama, machozi yakamtoka, nikairudisha haraka. Kuna vitu ambavyo mtu havifuati kwa sababu amekwisha viaga.

Kisha akaja Gaude.

Gaudensia alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa mambo ya kompyuta huko Dodoma, mwaka wa mwisho. Alishuka kwenye basi na begi mgongoni, akanisalimia shikamoo mara mbili kwa wasiwasi, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda cha baba yake. Baba alimgusa kichwa kwa mkono wa kushoto. Mama Gaude alitoka nje kwenda kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Binti yule alikuwa na kazi ya chuo ya kumaliza. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza gemu ya kompyuta. Mchezaji anaanza mikono mitupu, anaokota kuni, anachoma mkaa, anachimba mawe ya chuma, anajenga karakana, kisha anajitengenezea silaha na zana za watu wa kale. Kila mwanafunzi aligawiwa vitu vyake. Gaude alipewa mkuki wa askari wa Kirumi, ule wa kurushwa. Basi mimi nikiwa namnyoosha baba yake, yeye alikaa kwenye stuli na laptopu magotini, akiuchora mkuki wake na kuujaribu.

Siku moja niliuona uso wa Mzee Leonsi umegeuka. Alikuwa akitazama kioo cha laptopu. Pale palikuwa na mti wa mkuki, mnene kiasi, na juu yake chuma kirefu chembamba kama fimbo ya mchungaji, chenye ncha ndogo mwishoni. Gaude akabonyeza. Mkuki ukaruka, ukatoboa ngao ya ubao, na ile shingo ya chuma ikapinda ikaning'inia.

"Siyo!" akasema Mzee Leonsi.

Tuligeuka wote. Neno lilitoka zima, limenyooka, na lilikuwa la hasira.

"Nini siyo, baba?"

"Siyo. Bovu." Akanyoosha kidole cha kushoto. "Limepinda. Bovu."

"Baba, ndivyo ulivyo. Umetengenezwa ili upinde."

Alimtazama bintiye kama mtu aliyesikia kwamba nyumba hujengwa ili ivuje. Gaude akamweleza taratibu. Askari wa Kirumi akiurusha mkuki huu, ukikwama kwenye ngao ya adui unapinda. Adui hawezi kuung'oa upesi, hawezi kuurusha urudi ulikotoka, na ngao inamlemea mpaka aitupe. Kwa hiyo kupinda kwake ni sehemu ya kazi yake.

"Fundi gani," akasema mzee, akahema, akalitafuta neno jingine, "fundi gani... aibu."

Mama Gaude alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Tangu waje hospitali sikuwa nimemwona akicheka. Alicheka mpaka akaiweka chupa chini.

Wenzangu, hapo niliona mlango na nikaweka mguu. Nilimwambia Gaude amwache baba yake autengeneze mkuki huo mwenyewe humo kwenye gemu, kama anadhani anaweza kuufanya bora. Gaude akamsogezea mausi upande wa kushoto. Mimi nikaihamishia kulia. Mzee akanitazama kwa jicho baya, nami nikajifanya natafuta taulo.

Vidole havikuweza kuishika. Nikaifunga mausi kwa bandeji mpaka ikawa nene kama kiazi, nikamkunjia kiganja juu yake, na kiwiko nikakiegemeza kwenye mto. Kuisogeza kuelekea rundo la kuni kulimchukua muda wote wa zoezi. Kidole cha shahada hakikubonyeza kitu. Jasho lilimtoka, na ile ilikuwa asubuhi ya baridi. Nilipomwambia inatosha, alitikisa kichwa. Siku ya pili alimtuma mkewe kuniita kabla sijamaliza chai.

Ikawa hivyo. Alikata miti humo, akachoma mkaa, akaukoroga moto. Alimgombeza bintiye kwa maneno yaliyorudi moja moja, mengi yao yakiwa ya karakanani: moto hafifu, mkaa mbichi, mpini mrefu. Mengine Gaude aliyakubali na kuyarekebisha pale pale. Mengine aliyakataa.

"Hapana, baba, ukiwa mfupi haufiki."

"Mfupi!"

"Haya, ufupishe uone."

Akaufupisha, akaurusha, ukaanguka nusu ya njia. Akaurefusha. Kidole cha shahada kilibonyeza siku ambayo umeme ulikatika na laptopu ikazimika katikati ya mchezo, tukakaa kwenye giza la mawingu ya mvua tukimsikia akilaani. Sijawahi kufurahia laana kiasi hicho. Ila ile shingo ya chuma hakuikubali. Kila mkuki wake aliutengeneza mgumu kadiri gemu ilivyomruhusu, na kila mara adui wa kwenye kioo aliung'oa akamrudishia. Mzee Leonsi aliuawa na mkuki wake mwenyewe mara nyingi sana pale wodini.

Mkono ulikuwa unarudi. Nilikuwa nafurahi, na furaha ilinifanya nisitazame pembeni. Asubuhi moja nilimkuta Gaude kwenye benchi nje ya chumba chetu, begi limefungwa miguuni.

"Unasafiri?"

"Hapana, mama. Nimefunga vitu vya baba, nasikia ataruhusiwa karibuni. Mimi sirudi Dodoma."

"Kwa nini?"

"Nani atabaki naye? Mama analima, mama anapika, mama anamgeuza. Nimewaambia wenzangu wasinihesabu. Gemu wamalizie wao."

"Umebakiza muda gani?"

"Kidogo tu." Akajifuta macho na ncha ya sweta. "Ndiyo maana inauma. Lakini baba ni mmoja."

Alisema kweli. Nilikaa naye tu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yetu, na nilipogeuka nilimwona Mzee Leonsi kwenye kiti cha magurudumu, mkono wake wa kulia juu ya ile mausi ya bandeji. Alikuwa amesikia.

Tangu hapo alikataa mazoezi. Alikataa gemu pia. Aliulalia ukuta, uso hatuuoni. Gaude aliingiwa na hofu, akidhani kiharusi kimerudi. Mimi nilimpima, sikuona kitu. Mama Gaude alikuja akasimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu amekasirika. Baba Gaude, unataka nini?"

Kisha akauambia ukuta, "Nyumbani. Moto."

Daktari alimruhusu. Nilikuwa na utaratibu wa kuwafuata wagonjwa wangu makwao kila nilipopata usafiri, na safari hiyo nilipata gari la chanjo lililokuwa linaelekea upande huo. Njia nzima mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa, na upepo uliyafanya yaseme kama watu kanisani kabla padri hajaingia.

Nilisikia karakana kabla sijaiona. Ilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, wazi pande tatu. Mama Gaude alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, akivuta mivukuto, huku na huku, bila haraka. Mzee Leonsi alikuwa kwenye kigoda mbele ya fuawe, kile chuma cha kufulia. Nyundo ilikuwa mkono wa kushoto. Koleo lilikuwa mkono wa kulia, na mkono huo Gaude alikuwa ameufunga kwa kitambaa kwenye koleo, kama mimi nilivyoifunga mausi. Niliona lile fundo langu, nikakaa kwenye gogo bila kusalimia mtu.

Alikuwa anafua mkuki wa Kirumi.

Chuma chake kilikuwa nondo ya dirisha kuukuu. Alikipiga, kikarefuka, kikawa chembamba. Kushoto si mkono wake wa kazi, na kulia kulishika kwa kutetemeka, kwa hiyo pigo moja lilikaa vizuri, la pili likateleza, akangoja, akapiga tena. Chuma kilipopoa alikirudisha motoni, na mkewe aliongeza upepo bila kuambiwa. Kilipokuwa tayari, kimeiva rangi ya machungwa, Mama Gaude alisogeza debe la maji kama kawaida. Mhunzi huzima chuma majini ili kiwe kigumu. Mzee Leonsi akalitazama debe. Niliona mkono wake unaelekea huko wenyewe, kwa mazoea ya maisha yote. Akauzuia.

"Majivu," akasema.

"Majivu?" mkewe akauliza. "Kitakuwa laini, Baba Gaude."

"Laini."

Akakizika chuma kwenye majivu ya moto, kipoe taratibu. Tukala ugali wa ulezi na maharage wakati tunangoja. Nilimwona Gaude akimtazama baba yake na kusahau kula.

Mchana waliutia mkuki kwenye mti wake, wakaupigilia pini. Gaude akaegemeza mlango mbovu wa zizi kwenye kichuguu. Baba yake akampa mkuki.

"Rusha."

"Mimi?"

"Wako."

Gaude alivua sandali, akarudi nyuma, akakimbia, akarusha. Kwa mtu wa kompyuta alirusha vizuri; ulipita juu ya kichuguu ukaingia kwenye mahindi. Tulicheka wote isipokuwa mzee, aliyeonyesha kwa kidevu kwamba ukaletwe. Mara ya pili uliugonga mlango, ukazama, ukasimama kidogo, halafu ile shingo ikainama chini ya uzito wa mti, taratibu, mpaka mkia wa mkuki ukagusa ardhi.

Mzee Leonsi alinyanyuka kwenye kigoda. Alitembea mwenyewe mpaka pale mlangoni. Akajaribu kuung'oa kwa kushoto, ukakataa. Akaongeza mkono wa kulia, ukakataa vile vile. Akapitisha kidole gumba cha kulia polepole kwenye ule mpindo, kutoka juu mpaka chini.

"Umefanya kazi," akasema.

Halafu akamgeukia binti yake. "Na wewe. Dodoma."

"Baba..."

"Dodoma. Maliza."

"Na mkono wako? Nani atakunyoosha?"

Mzee alinitazama mimi, kisha akamtazama mkewe. Mama Gaude alikuwa akipangusa majivu mikononi.

"Mwanangu," akasema, "nimempulizia moto huyu tangu hujazaliwa. Nitashindwa kumkunja vidole? Sista atanifundisha. Wewe nenda kasome, la sivyo atarudi kulalia ukuta, na mimi ule ukuta sina la kuuambia."

Gaude alikaa chini pale pale kwenye majani, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Baba yake alishuka akakaa kando yake, kwa shida, akaweka mkono wake wa kulia begani kwa binti. Kidaktari naweza kuwaambia kwamba bega lilinyanyuka vizuri na kiwiko kilinyooka. Lakini sikupima.

Gaude alirudi chuo akamaliza. Mama Gaude nilimfundisha mazoezi, akayafanya kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na akanirekebisha mahali pawili. Mkono wa mzee haukupona wote. Vidole viwili vilibaki vimejikunja, na kwenye baridi kali alivificha kwapani. Lakini alishika kijiko, alifunga vifungo, na alifua majembe madogo. Plau zilikwenda kwa mdogo wake.

Gemu ilipokaribia kukamilika Gaude alikuja na kinasa sauti. Alitaka sauti ya nyundo ya kweli kwa ajili ya ile karakana ya kwenye gemu. Nilikuwepo, nimekwenda kumpima mzee. Mzee alikataa, akasema aitwe mdogo wake.

"Mkono wangu unachechemea," akasema. Maneno yake sasa yalikuwa yanakuja, mafupi lakini yanakuja. "Watu watacheka."

"Watacheka nini, baba? Mimi nataka wako."

"Unachechemea, nimesema."

Mama Gaude hakuingia kwenye ubishi. Aliketi kwenye mivukuto yake akaanza kuvuta, na moto ukanyanyuka.

"Mzee," akasema, "mkaa unaisha."

Akapiga. Gaude akashika kinasa karibu na fuawe, macho ameyafumba.

Mzee Leonsi alifariki miaka michache baadaye, wakati wa mavuno, usingizini, nyumbani kwake. Nilikwenda kumzika. Watu waliokuja walikuwa wengi kuliko kijiji, na karibu kila mwanamume aliyechimba kaburi alishika jembe lililofuliwa na marehemu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mama Gaude alikuja chumbani kwetu kama mgonjwa. Goti. Baadhi yenu mlimwona, yule mama mrefu mwenye shali ya kijani. Nilimfunga kitambaa cha moto gotini, na tukiwa tunangoja joto liingie, akatoa simu mfukoni, mpya, aliyonunuliwa na bintiye.

"Sista, wewe unajua vitu hivi. Nifungulie gemu ya Gaude. Mimi nikibonyeza inanikimbia."

Nilivaa miwani. Tukakaa bega kwa bega kwenye kitanda cha mazoezi, wanawake wawili watu wazima, tukaokota kuni, tukachoma mkaa, tukachimba mawe. Tulikosea mara nyingi, na mara moja tuliliwa na simba. Mwishowe tulipata vitu vyote vya mkuki wa Kirumi, nikagusa karakana. Moto ukawaka. Chini ya moto ukasikika upepo wa mivukuto, huku na huku, bila haraka. Kisha nyundo ikaanza. Pigo, kuteleza, kimya kidogo, pigo.

Mama Gaude aliinamisha kichwa kuelekea simu. Mkono wake ulikuwa gotini, nao ukaanza kwenda na kurudi.

Kwenye kioo kikatokea kitufe cha wachezaji wasio na subira, cha kuruka hatua hii na kupewa mkuki uliokwisha tengenezwa. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengine nje. Kidole changu kikasogea.

Akanishika mkono.

"Usibonyeze, Sista," akasema. "Mwache amalize."